Mchezo Uliopotea na Daftari la Mzee Henslowe

Katika mkutano wetu wa mwaka juzi, baada ya chakula na kabla ya hotuba, palizuka ubishi mezani kwetu ambao haujaisha hata leo. Sisi tuliokuwa Kidato cha Tatu mwaka 1995 tulikuwa tukijaribu kuukumbuka mchezo wa kuchekesha uliochezwa na bweni letu usiku wa kufunga shule. Mmoja alisema mchezo ule ulikuwa na wazee wawili waliogombea mkwe. Mwingine akaapa kwamba mzee alikuwa mmoja tu, na yule wa pili alikuwa mganga. Hata jina lake hatukuafikiana. Mwenzetu aliyeutunga hatunaye tena, Mungu amrehemu. Lakini kijana wake, ambaye sasa yuko Kidato cha Pili papa hapa shuleni, alikuwa amesimama nyuma ya viti vyetu na sahani mkononi, akisikiliza. Mwishowe akauliza kwa adabu, “Shikamooni wazee. Sasa baba aliandika nini hasa?” Hakuna aliyeweza kumjibu. Mchezo wote ulikuwa umeandikwa katika daftari moja la mazoezi, na daftari hilo hakuna ajuaye liliko.

Mimi kazi yangu serikalini ni ya majalada na hati za malipo, na nimezoea kuulizwa karatasi zilizopotea. Ninajua jambo moja ambalo wenzangu walinicheka nilipolisema: mchezo unaweza kupotea, lakini hesabu zake zikabaki. Mhariri aliposikia hayo akanitaka niandike. Basi naomba ndugu wasomaji, na hasa ninyi vijana mlioko madarasani leo, mnivumilie niwapeleke kwanza mbali sana, London ya miaka zaidi ya 400 iliyopita. Huko kuna mchezo wa kuchekesha uliopendwa kupita kiasi, ukapotea, na wataalamu wamekuwa wakiutafuta katika daftari la hesabu la mzee mmoja. Habari hii niliipata nilipokuwa nasoma historia Chuo Kikuu, na tangu wakati huo haijanitoka kichwani.

Mzee huyo aliitwa Philip Henslowe. Hakuwa mtunzi wala mwigizaji. Alikuwa mfanyabiashara: mwanachama wa chama cha wapaka rangi nguo, mwenye nyumba za kupangisha, mkopeshaji wa fedha kwa rehani. Mwaka 1587, Malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa bado katika kiti, alijenga jumba la michezo lililoitwa Rose, upande wa kusini wa mto Thames, mahali ambapo mkono wa wakubwa wa jiji haukufika vizuri. Kuanzia mwaka 1594 jumba hilo lilikuwa makao ya kikundi cha waigizaji kilichoitwa Admiral's Men, kwa kuwa mlezi wao alikuwa mkuu wa majeshi ya majini. Nyota wao alikuwa Edward Alleyn, ambaye mwaka 1592 alimwoa mtoto wa kambo wa Henslowe. Katika hesabu zake mzee hamwiti mkwe wake kwa jina tu, humwita mwanangu. Hilo kwetu halishangazi.

Daftari lake lilikwisha kufanya kazi nyingine kabla yake. Ndugu yake John alilitumia kati ya mwaka 1576 na 1581 kuandikia hesabu za chuma na machimbo huko msitu wa Ashdown. Philip alipolipata aliligeuza juu chini, akaanza kuandika kutoka upande wa pili. Sisi tuliosoma enzi za uhaba wa madaftari desturi hiyo tunaijua vizuri. Kuanzia mwaka 1592 akajaza humo kila kitu: mapato ya jumba kwa kila siku ya mchezo, kodi za nyumba, vitu vilivyowekwa rehani, fedha alizowakopesha waigizaji, malipo ya watunzi, bei ya mavazi. Yamo pia maelekezo ya dawa, na hata namna ya kujua mahali kilipo kitu kilichoibwa. Natamani uganga huo ungefanya kazi kwa michezo.

Kwa maana mingi kati ya michezo anayoitaja imepotea. Siku zile mchezo uliandikwa kwa mkono, na kitabu cha mchezo kilikuwa mali ya kikundi kama vile mapanga na ndevu za bandia zilivyokuwa mali yao. Kuuchapisha kulimaanisha kuwapa wengine bidhaa yako. Ndiyo maana hata michezo ya William Shakespeare nusu yake haikuchapwa alipokuwa hai. Rafiki zake wawili waliikusanya katika kitabu kikubwa mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, na ndani yake Julius Caesar ulichapwa kwa mara ya kwanza. Kitabu kile kisingalitoka, huenda Mwalimu Nyerere asingalikuwa na Julius Caesar wa kututafsiria mwaka 1963. Watunzi wengi hawakuwa na marafiki wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe. Tarehe 2 Desemba 1594, mzee Henslowe aliandika kwamba amepokea shilingi 33 kwa mchezo ambao kwa tahajia ya leo tungeuita The Wise Man of West Chester. Tahajia yake mwenyewe ni ya mtu anayeandika kama asikiavyo: West Chester kwake huwa weschester, na mara nyingine ni Chester tu. Mji ni ule ule, ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales.

Jina hilo lenyewe lataka maelezo, na hapa sisi Waswahili tuna nafuu kuliko Waingereza wa leo. Katika Kiingereza cha enzi hiyo “wise man” hakuwa lazima mtu mwenye hekima kama Suleimani. Lilikuwa pia jina la heshima la mganga na mpiga ramli, mtu wa kuendewa usiku mambo yakiharibika. Ni kama mtu akikwambia, “Nimekwenda kwa mtaalamu,” nawe ukajua mara moja kwamba hakwenda hospitali ya wilaya. Basi kwa Kiswahili mchezo huu nitauita Mtaalamu wa West Chester.

Mchezo ulipendwa. Daftari linaonyesha ulichezwa mara 32 kati ya Desemba 1594 na Julai 1597. Msomaji asione ni idadi ndogo. Waigizaji wale walibadili mchezo karibu kila siku, na michezo mingi ilichezwa mara chache ikatupwa. Mara 32 katika miaka hiyo ni nyingi kupita Doctor Faustus wa Marlowe, mchezo ambao dunia nzima inausoma hadi leo. Watu wa London walimwendea mtaalamu huyu tena na tena, na hatuna hata sentensi moja aliyosema.

Hata hivyo kusoma hesabu za mtu aliyekufa zamani si jambo la kukimbilia. Kuna mitego, na mkaguzi asiyeijua ataandika taarifa ya uongo.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, si tarehe 1 Januari. Kwa hiyo Januari iliyofuata Desemba 1594, ambayo sisi tungeiita Januari 1595, ingeweza kuandikwa kuwa ni 1594 bado. Mzee mwenyewe hakuwa na msimamo mmoja katika jambo hili.

Mtego wa pili ni herufi mbili, “ne”, ambazo Henslowe aliziweka mbele ya michezo fulani, ukiwemo huu wetu siku ile ya kwanza. Wengi wanazisoma kuwa ni alama ya mchezo mpya. Lakini baadhi ya michezo yenye alama hiyo yaelekea ilikuwapo kabla, na yawezekana “ne” ilimaanisha pia mchezo wa zamani uliotengenezwa upya au uliopewa kibali upya. Yuko hata mtaalamu aliyedai kuwa ni kifupisho cha jina la mahali. Mimi nakubaliana na wale wasemao “mpya”, lakini upya wa aina ya nguo iliyopinduliwa kola. Jambo hili litatusumbua tena mbele.

Mtego wa tatu ni fedha zenyewe. Shilingi 33 ni za nani? (Shilingi hizi ndizo mama wa shilingi zetu, za Afrika Mashariki zilianzishwa mwaka 1921 kwa mfano wa hizo za Uingereza, ambazo 20 zilifanya pauni na kila moja ilikuwa na peni 12.) Wengi waliolichunguza daftari wanaamini kwamba mzee aliandika fungu lake tu, nusu ya makusanyo ya ghorofani. Waliosimama uwanjani walilipa peni moja mlangoni, na peni hiyo ilikuwa ya waigizaji. Aliyetaka kupanda ghorofani aliongeza peni. Haya, tupige hesabu. Ikiwa nusu ni shilingi 33, makusanyo ya ghorofani ni shilingi 66, yaani peni 792. Kwa peni moja kila mtu, ghorofani walikuwako watu 792 siku ile ya Desemba, mbali na wale wa chini waliosimama kwenye baridi na ambao daftari haliwataji kabisa. Kutokana na mstari mmoja wa hesabu tumepata watu karibu 800 wakicheka. Nakiri kwamba nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka meza.

Mapema mwaka 1597 mzee akabadili mtindo. Badala ya kiasi kimoja kwa siku, akaanza kuandika safu tano za tarakimu, na hadi leo hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika safu zote tano zina maana gani. Kila mhasibu ana siri zake.

Kisha unakuja ukimya. Baada ya Julai 1597 jina la Mtaalamu halionekani tena katika orodha ya michezo ya kila siku. Mwanafunzi mwenye haraka angesema basi, watu walichoka nao. Tazama kwanza kilichotokea. Mwishoni mwa Julai mwaka huo serikali iliamuru majumba ya michezo yafungwe, baada ya mchezo mwingine wa kuchekesha, The Isle of Dogs, kuwaudhi wakubwa katika jumba jirani. Mchezo huo nao umepotea, na Ben Jonson alitiwa ndani kwa ajili yake. Alleyn naye akaacha kuigiza karibu na wakati huo. Kubwa kuliko yote, kuanzia mwishoni mwa mwaka huo Henslowe aliacha kabisa kuandika jina la mchezo wa kila siku. Akawa anaandika jumla za wiki, pamoja na fedha alizokikopesha kikundi kununulia michezo na mavazi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mchezo ulitoweka jukwaani. Kilichotoweka ni safu ya daftari iliyokuwa ikiutaja. Katika kazi yangu nimeona kosa hili mara nyingi: mtu hupekua jalada, hakuti barua, akaandika kwamba barua haikuandikwa.

Na kweli, mchezo unajitokeza tena. Tarehe 19 Septemba 1601 Henslowe alilipa, kwa idhini ya kikundi, shilingi 40 kwa “mwanangu” Edward Alleyn kwa kitabu cha Mtaalamu wa West Chester. Wakati huo kikundi kilikuwa kimehamia jumba jipya, Fortune, kaskazini mwa jiji, na Alleyn alikuwa amerudi jukwaani. Malipo haya yanatwambia mambo mawili. Kwanza, kitabu kilikuwa mali ya Alleyn binafsi. Pili, kikundi kilikihitaji, na hakuna anunuaye kitabu cha mchezo ili akiweke kabatini.

Je, shilingi 40 ni bei ya kuonyesha thamani yake? Hapana. Alleyn aliwauzia wenzake vitabu vingine vya zamani kwa bei hiyo hiyo; Januari 1602 vitatu vilikwenda kwa pauni 6, yaani shilingi 40 kila kimoja. Ilikuwa bei ya mkupuo. Mchezo mpya kwa kawaida ulilipiwa kama pauni 6. Agosti 1598, kwa mfano, watunzi watatu, Porter, Chettle na Jonson, walilipwa pauni 6 kwa futuhi iitwayo Hot Anger Soon Cold, ambayo nayo imepotea. Shilingi 40 ndizo pia zilizomtoa mtunzi Dekker kifungoni mwezi Februari mwaka huo huo, na deni hilo likaandikwa papo hapo kati ya hesabu nyingine. Na msije mkadhani watunzi walithaminiwa: mwaka 1603 Thomas Heywood alilipwa pauni 6 kwa mchezo wake A Woman Killed with Kindness, na gauni moja la mahameli nyeusi kwa ajili ya mchezo huo huo likagharimu pauni 6 na shilingi 13. Gauni lilimshinda mtunzi kwa shilingi 13.

Baada ya Septemba 1601 daftari halisemi tena habari za Mtaalamu. Ila tunajua jambo moja. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1621 jumba la Fortune liliungua. Mtu aliyeandika habari hiyo siku chache baadaye alisema moto ulimaliza kazi kwa muda wa saa mbili, na kwamba mavazi na vitabu vya michezo viliteketea. Kama kitabu kile cha shilingi 40 kilikuwa bado kabatini mwa kikundi, na sioni kwa nini kisiwepo, basi hapo ndipo kilipoishia.

Lakini je, umepotea kweli? Hapa ndipo panapowagawa wataalamu, na mimi miaka mingi nilikuwa upande mmoja kabla sijahamia wa pili. Katika maktaba ya Huntington, jimbo la California nchini Marekani, umo muswada wa mchezo wa kuchekesha uliotungwa na kuandikwa kwa mkono wa Anthony Munday, unaoitwa John a Kent and John a Cumber. Wahusika wake wakuu ni waganga wawili wanaoshindana kwa uchawi juu ya ndoa za mabinti wawili. Na mambo hayo yanatokea wapi? West Chester! Mwanafunzi yeyote ataruka na kusema, ndio huu. Mzee Henslowe aliyaita mambo kwa majina yake mwenyewe. Alisikia waganga, akasikia West Chester, akaandika. Katika karne ya 19 wako waliosema hivyo, na wakaaminiwa muda mrefu.

Waliongeza ushahidi mwingine. Katika orodha ya vifaa vya kikundi ya Machi 1598 umetajwa “mguu wa mbao wa Kent”. Orodha hiyo ni burudani kuisoma, kwa kuwa mna mwamba, kaburi na mdomo wa jehanamu. Na miongoni mwa mavazi yaliyonunuliwa limo hata joho la kumfanya mtu asionekane. Ila Kent ni jina la jimbo, na ni cheo cha mabwana wakubwa waliojaa katika michezo ya kihistoria. Mguu ule ungeweza kuwa wa Kent yeyote. Tena orodha yenyewe ya asili haipo. Ilionwa na mtaalamu Edmond Malone, akaichapa mwaka 1790, na baada ya hapo karatasi zikatoweka. Tunatafuta mchezo uliopotea kwa kutumia orodha iliyopotea.

Msione kwamba vifaa havina faida. Mwezi Mei 1597 Henslowe aliandika mchezo aliouita kwa tahajia yake Futuhi ya Tabia, tuseme hivyo. Jina hilo halimo katika mchezo wowote uliochapwa. Lakini orodha ile ile ya mavazi inataja joho la Labesha na suruali ya mtoto wa Verone, na majina hayo mawili yamo katika mchezo wa George Chapman uliochapwa mwaka 1599 kwa jina jingine, An Humorous Day's Mirth. Joho na suruali zikatoa ushahidi, kesi ikaisha. Kwa Mtaalamu wetu hatuna joho la namna hiyo. Tuna mguu mmoja tu.

Kilichonihamisha upande ni tarehe. Mwishoni mwa muswada wa Munday kuna mwaka ulioandikwa na mkono mwingine. Zamani ulisomwa kuwa 1595 au 1596, na hilo liliafikiana vizuri na Mtaalamu aliyeanza Desemba 1594. Lakini mwaka 1955 mtaalamu I. A. Shapiro aliutazama upya akaonyesha kwamba ni Desemba 1590. Basi mchezo wa Munday ulikuwapo miaka minne kabla Henslowe hajaandika “ne”. Mnaona herufi zile mbili zilivyorudi. Kama “ne” ni mpya kabisa, hii ni michezo miwili. Kama ni upya wa kola iliyopinduliwa, bado yaweza kuwa mmoja. Naona kwamba mchezo uliojaza watu mji ungeweza kabisa kuzaa mwigo wake, na kwamba waganga wa Chester walikuwa wengi wa kutosha michezo miwili. Kwangu mimi Mtaalamu bado ni mtoro. Naweza kukosea, lakini sitamwandika kuwa amepatikana kwa sababu tu amefanana na mwingine.

Kuna jambo la aibu katika habari hii ambalo sipendi kuliruka. Aliyeuchapa mchezo wa Munday kwa mara ya kwanza, mwaka 1851, ni John Payne Collier, na ndiye huyo huyo aliyelichapa daftari la Henslowe mwaka 1845. Alikuwa mtaalamu mkubwa, mchapakazi, na mghushi. Ndani ya daftari lenyewe, kwa wino wa kuigiza ukongwe, ziliingizwa habari ambazo mzee hakuziandika, zikiwemo zile za kuhusu The Isle of Dogs. George Warner alizifichua katika orodha yake ya nyaraka ya mwaka 1881, na W. W. Greg akalichapa daftari upya kwa uangalifu kuanzia mwaka 1904. Kughushi hati ni dhambi ambayo sisi makarani tunaijua uzito wake. Anayepoteza karatasi amepoteza moja. Anayeghushi moja amezitia shaka zote.

Na daftari lilisalimika vipi? Alleyn alifanya fedha nyingi, akaanzisha shule huko Dulwich mwaka 1619, na makaratasi yake pamoja na ya mkwewe yakabaki shuleni hapo. Yako huko hadi leo, na shule ingali inafundisha vijana. Si kwamba yalitunzwa vizuri siku zote. Watu walikata saini za watunzi kwa mkasi kama kumbukumbu. Malone aliliazima daftari akakaa nalo, likarudi shuleni baada ya kifo chake mwaka 1812. Siku hizi kurasa zake zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na yeyote kati yenu, hata kwa simu, anaweza kuuona mwandiko wa mzee bila kuazima kitu.

Sasa nirudi bwenini. Baada ya ubishi ule nilimwomba mlinzi wa stoo ya shule aniruhusu nitafute. Vitabu vingi vya miaka ile vilikwisha tumika kufungia karanga, sina haja ya kueleza. Lakini chini ya viti vilivyovunjika nilikuta daftari la mwekahazina wa bweni, la mwaka 1995, limeliwa pembeni na mchwa. Mchezo hautajwi kwa jina. Umeandikwa tu kuwa ni “shoo ya kufunga”. Chini yake mna: mafuta ya taa kwa karabai mbili, kanzu mbili, za kuazima, zirudishwe, pamba za ndevu, watu wawili, jogoo mmoja, wa kuazima, kutoka kwa mpishi.

Watu wawili wenye ndevu, kwa hiyo wazee ni wawili, au mmoja ni mganga mwenye ndevu, na hapo ubishi unaendelea. Ila huyo jogoo hakuna hata mmoja wetu mezani aliyemkumbuka, na sasa kila niliyemtajia anaanza kucheka kabla hajasema anacheka nini. Mstari wa mwisho wa ukurasa unasema: “Mtunzi, soda moja na nusu mkate. Amepokea.” Pembeni ipo saini yake. Nimempelekea kijana nakala ya ukurasa huo, na daftari lenyewe limefungiwa katika kabati la maktaba. Kama yuko mwenzetu mwenye daftari la mchezo, au aliyekuwa mmoja wa wenye ndevu, au anayejua jogoo alifanya nini, tafadhali amwandikie Mhariri kabla ya mkutano wa mwaka huu.